Watoto 290 Ndani ya Kurasa Tano

Hotuba hii niliitoa Mwanza mbele ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu wa sayansi za afya. Waliokosa kufika wameiomba, nami naiweka yote. Picha za ukutani nimeziacha, mtafuata kwa maneno.

Walimu wangu mliotangulia, shikamooni. Vijana, hamjambo? Sauti imekuja nyembamba kidogo. Najua, ni chai iliyochelewa. Nitajitahidi chai isinikute bado nimesimama hapa.

Naanza kwa kuuliza. Nani kati yenu ana makala iliyochapishwa, hata moja, hata kama jina lake ni la saba kwenye orodha ya waandishi? Nyoosheni mikono. Naam. Wenye mbili? Wenye tano? Wenye kumi? Mmeona mikono inavyoshuka? Na kuna nyuso zimeinama pia. Nimeuliza hesabu tu, sijamtukana mtu, lakini tayari kuna kijana humu amejiona mdogo kuliko aliyekaa kiti cha pembeni.

Swali la pili. Nani anamjua Anthony Allison? Mikono mitatu, na mmoja ni wa mwalimu wenu. Haya, swali la tatu: nani anajua kwamba mtu mwenye damu ya AS, yaani aliyerithi kinasaba cha selimundu kwa mzazi mmoja tu, ana kinga fulani dhidi ya malaria? Ukumbi mzima! Basi shikeni hapo. Jina lake wanalijua watatu. Alichokiandika mnakijua nyote, mnakisema kliniki, mnakisema kwenye daladala, na wala hamuweki marejeo.

Mtu aliyeandika jambo likawa la kila mtu hadi jina lake likadondoka njiani, huyo tumpime kwa kipimo gani? Ndilo lililonileta.

Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, akakulia Kenya, kwenye shamba la wazazi wake Gilgil, Bonde la Ufa. Mtoto wa masetla. Tusilifiche hilo, kwa sababu litatusubiri mbele. Akasoma Witwatersrand, kisha Oxford. Mwaka 1949, akiwa bado mwanafunzi, chuo chake kilituma msafara kwenda Mlima Kenya. Wenzake walikuwa wanafuata mimea na wadudu. Yeye alifuata damu. Alizunguka kabila kwa kabila akichukua sampuli, akipima makundi ya damu na, humo humo, akipima selimundu.

Alipopanga majibu akakuta jambo la ajabu. Kwenye nyanda za juu, wenye kinasaba kile hawakufika hata mmoja kati ya 100. Pwani, na huku kwetu ziwani, walipita 20 kati ya 100. Makabila tofauti, lugha tofauti, Wabantu huku, Waniloti kule. Pwani na ziwa vina nini kinachofanana? Ninyi mliolala chini ya chandarua jana usiku mnalo jibu.

Sasa angalieni kitendawili kilivyokuwa. Mtoto wa SS, aliyerithi kwa baba na kwa mama, miaka ile mara nyingi alikuwa hafiki utu uzima. Kila mtoto wa namna hiyo akifa anazikwa na vinasaba viwili vya S. Kizazi hadi kizazi, S inazikwa. Basi ingepasa ipungue, ipungue, iishe. Lakini haikuisha, na sehemu nyingine ilikuwa imejaa tele. Ni sawa na duka linalopata hasara kila siku huku mwenyewe kila mwaka anaongeza chumba. Utasema nini? Utasema kuna mlango wa nyuma, na kuna fedha inaingia kwa mlango huo.

Allison akasema mlango wa nyuma ni malaria.

Hapa nataka mnisikilize vizuri. Wazo hilo alilipata 1949. Alilichapisha lini? 1954. Hakukimbilia kuandika barua kwenye jarida ili awahi. Alirudi Uingereza, akamaliza udaktari, na mwaka 1953 akarudi Afrika Mashariki kulipima. Alikaa nalo. Siku hizi kijana akipata wazo Jumatatu, Ijumaa anatafuta jarida, na Jumamosi jarida lenyewe linamwandikia barua pepe likimwita profesa mheshimiwa. Mnacheka? Mimi jana nimeitwa mtaalamu bingwa wa meno. Sijawahi kung'oa hata la mwanangu.

Tuingie Kampala tuone kipimo chenyewe kilikuwaje. Maana mnapenda kusema "utafiti mkubwa", na mkisema hivyo macho yenu yanatafuta mashine kubwa. Chukua mtoto wa Kiganda, umri wa miezi mitano hadi miaka mitano. Mchome kidole. Tone moja unalipaka kwenye kioo, unalitia rangi, unatafuta vimelea vya malaria kwa darubini. Tone la pili unalichanganya na dawa inayoondoa oksijeni, unalifunika, unasubiri. Ukirudi kwenye darubini, ama chembe nyekundu zimebaki duara kama zilivyokuwa, ama zimejikunja zikawa kama mundu, na huko ndiko lilikotoka jina letu zuri la selimundu. Basi. Matone mawili, vioo viwili, darubini moja. Rudia kwa watoto 290.

Mbona watoto, tena wadogo? Hapo ndipo alipowazidi akili wengi waliomtangulia. Mtu mzima aliyeumwa na mbu wa malaria maisha yake yote amejenga kinga ya kuugua, yaani ile inayopatikana kwa kuugua mara kwa mara. Ukimpima huyo, hutajua kinachomlinda ni kinasaba au ni ukongwe. Kinga ya kuugua inafunika kila kitu, kama blanketi juu ya meza: hujui chini kuna sahani au kuna kitabu. Mtoto mdogo hajapata blanketi hilo. Hivyo Allison akaenda mahali ambapo tofauti, kama ipo, haina pa kujificha.

Majibu haya hapa. Andikeni, si mengi. Watoto wasio na kinasaba: 247. Kati yao, 113 walikutwa na vimelea, karibu 46 kati ya kila 100. Watoto wenye kinasaba: 43. Kati yao, 12 walikutwa na vimelea, 28 kati ya kila 100. Mmemaliza kuandika? Basi mmemaliza jedwali. Namba nne. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza akiniletea jedwali la namba nne, nitamuuliza kama amelala.

Makala ilitoka Februari 1954 kwenye British Medical Journal, kurasa tano, kuanzia ukurasa wa 290. Watoto 290, ukurasa wa 290. Ni sadfa tu, msije mkaijengea nadharia. Mwaka huo huo alitoa nyingine mbili: moja ya ramani ya kinasaba kile kwa watu karibu 5,000 wa makabila zaidi ya 30 ya Afrika Mashariki, na moja ya hesabu, ikieleza jinsi S inavyopotea kwa upande mmoja na kurudishwa kwa upande mwingine hadi mizani itulie. Makala tatu, mwaka mmoja, hoja moja. Na zile tatu hazirudii jambo. Moja inasema kinga ipo. Ya pili inasema ipo mahali gani. Ya tatu inasema inawezekanaje.

Niwaambie kidogo yaliyonipata mimi, ili msidhani nawahubiria kutoka mlimani.

Miaka kadhaa iliyopita niliomba kupandishwa cheo kwenye chuo kimoja, jina lake nalihifadhi. Fomu ilikuwa na safu mbili: idadi ya machapisho, na pointi. Hakukuwa na safu ya tatu. Nilikuwa nimemaliza kazi ya miaka mitatu, kazi moja, kutoka vijijini, naipenda kama mtoto. Mkubwa mmoja akaniita pembeni, kwa nia njema kabisa, akaniambia: "Huu wako ni muwa mzima. Nani ananunua muwa mzima? Kata pingili pingili."

Nilikata. Nasimama mbele yenu nasema nilikata. Kazi moja ikawa makala nne. Pointi zikatimia, cheo nikapata, tukala pilau nyumbani. Lakini leo mwanafunzi akiniomba asome matokeo yale, inabidi nimpe makala zote nne, na hakuna hata moja inayosimama kwa miguu yake. Nimejaribu kuziunganisha tena. Muwa ukishakatwa haurudi.

Kuna kipimo kinaitwa h, mnakijua. Ukiwa na makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa walau mara 10, h yako ni 10. Kizuri, kinapunguza ujanja wa kuandika makala mia zisizosomwa na mtu. Lakini fikirini: mtu mwenye makala tatu tu, hata kila moja ikinukuliwa mara milioni, h yake haipiti 3. Allison angeacha sayansi Desemba 1954 akarudi Gilgil kulima, akawa ameacha zile tatu peke yake, h yake ingekuwa 3. Kwenye fomu yangu ile asingepita. Gregor Mendel, mtawa wa Brno aliyetuachia somo lenyewe la urithi, makala yake ya mbaazi ilitoka 1866 ikakaa hadi mwaka 1900 karibu bila mtu kuijali. Huyo fomu isingemtambua hata jina.

Sasa, kuna jambo wengi hawapendi kulisikia. Je, Allison ndiye wa kwanza?

Hapana. Mwaka 1946, miaka minane kabla, daktari aitwaye Beet alikuwa kazini Balovale, Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni wilaya ya Zambezi nchini Zambia. Akapima wagonjwa wake. Kati ya watu 102 wenye chembe za mundu, 10 walikuwa na vimelea vya malaria. Kati ya 491 wasio nazo, 75 walikuwa navyo. Pigeni hesabu: karibu 10 kwa 100 upande mmoja, 15 kwa 100 upande wa pili. Aliiona! Namba zilikuwa mezani. Na alichapisha wapi? Kwenye East African Medical Journal, jarida la hapa hapa kwetu. Mnaolalamika kwamba ukichapisha Afrika Mashariki hakuna anayesoma, jueni ni malalamiko ya zamani. Lakini jueni pia kwamba Allison alisoma. Zile namba za Beet, 102 na 491, zimo ndani ya makala ya 1954, zimetajwa na mwenyewe ametajwa. Leo sisi tunazijua hasa kwa sababu Allison alizibeba.

Na Haldane, mwanajenetikia Mwingereza, naye mwaka 1949 alishakisia kwamba thalasemia ya watu wa Mediterania, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, inashikiliwa na malaria. Alikisia, hakupima.

Basi tofauti iko wapi? Beet aliona tofauti kwenye vioo vyake. Allison aliona swali: kwa nini S haiishi? Namba zake kaziweka zijibu swali hilo, kisha akalifuata kwa ramani, kwa watoto, kwa hesabu. Namba za Beet zilikuwa kama mawe mazuri yaliyopangwa uani. Allison alijenga ukuta, na mawe ya Beet yakaingia humo. Mimi namheshimu Beet sana, na kila nikifundisha namtaja kwanza, lakini sidanganyi darasa kwamba wawili hawa walifanya kazi moja.

Tuje kwa wapinzani, maana bila wapinzani hii ingekuwa hadithi ya sungura. Mnadhani 1954 watu walipiga makofi? Mwaka uliofuata, 1955, Beutler na wenzake Marekani waliambukiza watu malaria kwa makusudi, wenye kinasaba na wasio nacho, wakatangaza kwamba hawaoni tofauti yoyote. Kwenye jarida lile lile! Wengine Afrika walipima wakaona, wengine walipima wasione. Zogo likaendelea miaka.

Sasa niambieni: makala inayobishiwa miaka kumi, je, ni dhaifu? Mwandishi kijana akipata barua moja ya kumpinga, anakosa usingizi. Mimi nawaambia ogopeni kitu kingine. Ogopeni kimya. Makala yangu nne za pingili hazijawahi kupingwa na mtu. Hata mmoja!

Ikachukua nusu karne mzizi wa ubishi uonekane wazi, na ulionekana Kilifi. Mwaka 2005 Tom Williams na wenzake walichapisha kazi ya kufuatilia watoto wa pwani ile. Watoto wa AS walikuwa na kinga ya karibu asilimia 50 dhidi ya malaria nyepesi, 75 dhidi ya malaria ya kulazwa, na karibu 90 dhidi ya malaria kali. Lakini, na hapa ndipo utamu ulipo, kwa watoto waliokuwa na vimelea bila kuumwa hawakuona tofauti. Mbu anamuuma AS sawasawa na AA, yaani asiye na kinasaba kile. Kimelea kinaingia sawasawa. Kinachotofautiana ni jinsi mtoto anavyougua, na kama atakufa.

Sasa rudini kwenye jedwali la 1954. Allison alipima nini? Vimelea, kuwepo au kutokuwepo. Yaani alipima kile ambacho Kilifi ilikuja kuonyesha kuwa hakitenganishi vizuri! Hitimisho lake limesimama kama mbuyu, na hali kipimo alichotumia ndicho kilikuwa upande dhaifu wa kazi yake. Hilo linanisumbua na kunifurahisha kwa pamoja. Mkiwa na mwalimu anayewaambia kwamba ukubwa wa makala ni kutokosea popote, mpeni hii asome.

Na swali halijafa. Desemba 2021 jarida la Nature lilitoa kazi iliyosoma vinasaba vya watoto 3,346 wa Gambia na Kenya waliolazwa kwa malaria kali, ikasoma na vinasaba vya vimelea vilivyokuwa ndani ya damu yao. Wakakuta kimelea nacho kimejifunza. Kuna aina za vimelea, zenye tofauti sehemu tatu za vinasaba vyake, ambazo kinga ya S haizizuii vizuri. Adui amechonga ufunguo. Miaka 67 baada ya kurasa tano, watu bado wanabisha hodi kwenye mlango ule ule.

Ya maisha yake mengine nitayapita haraka, ingawa mtu mwingine angeyajengea hotuba nzima. Alihama, akaingia kwenye somo la kinga ya mwili, akaishia California, na miaka ya 1980 yeye na Elsie Eugui, kwenye kampuni ya Syntex, wakatengeneza dawa ya mikofenoleti kutokana na kitu cha ukungu kilichojulikana tangu 1893. Ilipitishwa Marekani mwaka 1995 kuzuia mwili kuikataa figo iliyopandikizwa. Wagonjwa waliopandikizwa figo wanaimeza asubuhi na jioni dunia nzima, na hawajui kwamba aliyeitengeneza ndiye aliyewachoma vidole watoto wa Kampala. Alifariki Februari 2014.

Nilisema lile la masetla litatusubiri. Limefika.

Ndani ya makala ya 1954 kuna jedwali jingine. Watu wazima 30, Waluo, waliokuwa wameishi mbali na malaria kwa miezi 18 au zaidi. Kumi na tano wana kinasaba, 15 hawana. Wote wakaambukizwa malaria ya kuua, kwa makusudi. Kati ya wasio na kinasaba, 14 wakaugua. Kati ya wenye kinasaba, wawili. Jedwali safi kuliko lile la watoto. Kila kitabu kinalinukuu.

Makala inasema walijitolea. Mimi sina ushahidi wa kupinga, wala sisemi walilazimishwa. Nauliza tu kama mtu wa huku: mwaka 1953, Kenya iko chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, mbele ya Mwafrika amesimama daktari Mzungu ana sindano. "Kujitolea" hapo kuna uzito gani? Leo kamati yenu ya maadili ingeipokea fomu hiyo? Ingeirudisha kabla ya chai. Na wale 30 wanaitwa nani? Jina la Allison tumelipata, la Beet tumelipata, la Beutler tumelipata. Majina yao hayamo. Nukuu zimehesabiwa zote, na kwenye hesabu hiyo wenye damu hawamo.

Nawaomba msije mkachagua upande mwepesi. Kuna watakaosema mkoloni, tupa kazi yake. Ukiitupa, umetupa na damu ya hao 30 na ya wale watoto 290. Kuna watakaosema sayansi ni sayansi, hayo mengine ni siasa. Huyo akachukuliwe damu yeye kwanza, tuone.

Namalizia na jambo la hapa jirani. Musoma. Kuna mtu wa Musoma humu? Haya, karibu, hii ni yenu. Mwaka 1956 Allison alichapisha damu za watu wa wilaya ya Musoma. Watoto wachanga 287: AA 189, AS 89, SS 9. Watu wazima 654: AA 400, AS 249, SS 5. Jedwali hili liko kwenye vitabu vya jenetikia vya vyuo vingi duniani. Mwanafunzi wa Toronto au wa Leeds ambaye hawezi kuionyesha Mara kwenye ramani ameshapiga hesabu ya watoto wenu ili afaulu mtihani.

Tupige na sisi, hapa hapa. Kama watu wazima 654 wangekuwa na mgawanyo ule ule wa wachanga, tungekuwa na SS wangapi? Nani ana simu? Karibu 20. Wako 5. AA wangapi? Karibu 431. Wako 400. Na AS? Karibu 203. Wako 249.

Kimya, eh? Namba ni chache, na mtakwimu yeyote atawaambia mwende polepole. Lakini mnaona hewa ya mambo. SS wamepungua, mnajua kilichowachukua. AA nao wamepungua, tena na wao mnajua kilichowachukua. Waliosalia wengi ni wa katikati. Kila nikifika kwenye safu ile ya 20 na 5 huwa naacha chaki kidogo. Kliniki ya selimundu ya Muhimbili, waliyoianza kina Profesa Julie Makani mwaka 2004, ilipochapisha kazi yake mwaka 2011 ilikuwa imefuatilia wagonjwa 1,725. Wana kadi, wana tarehe ya kurudi, wanalalamika foleni ni ndefu. Na inakadiriwa nchi hii huzaliwa watoto 11,000 wa SS kila mwaka, wengi wao kanda hii yetu.

Sasa kazi ya wiki. Msiniletee orodha ya machapisho yenu. Kila mmoja aende maktaba achukue jedwali la Musoma, apige hesabu kwa mkono, kisha aandike ukurasa mmoja: kati ya wale 15 wa SS waliokosekana, na wale 31 wa AA waliokosekana, swali gani bado halijaulizwa? Jumatatu, saa mbili asubuhi. Na wewe wa Musoma, mpigie bibi simu kabla hujaandika. Muulize kama kijijini kwao aliwahi kufika Mzungu mwenye darubini.

Ahsanteni. Chai naona imefika.